Kichupa Kilichosafiri na Barafu: Uchambuzi wa Kisa cha Damu Isiyokoma, Lamu

Karatasi ya majibu ilifika Lamu siku ya tano kutoka maabara ya Mombasa, ndani ya bahasha ya kaki iliyoletwa na basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti. Faktori ya nane, mojawapo ya protini za kugandisha damu, asilimia 11. Kiasi cha von Willebrand, protini mwenziwe, 34. Nguvu ya utendaji wake, 12. Chini palikuwa pameandikwa kwamba majibu yanaelekea ugonjwa wa von Willebrand, aina ya pili. Damu hiyo niliitoa mimi, nikaifunga mimi, nikaipakia mimi. Niliisoma karatasi nikamshukuru Mungu kwamba dada yule, baada ya miaka kumi ya kuhangaika, amepata jina la maradhi yake.

Jina lenyewe silo. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa ajili ya wenzangu wa maabara ndogo za pwani, na kwa ajili ya nyumba ambazo husemwa zina watu wa "damu nyepesi". Mwenyewe ameniruhusu, na mambo machache ya nyumbani nimeyageuza ili asijulikane.

Mgonjwa

Alikuwa na miaka 24, mama wa mtoto mmoja wa kiume wa miezi 14. Kilichomleta ni kizunguzungu. Himoglobini yake ilikuwa 7.4 tu. Tangu alipovunja ungo, hedhi yake haijapata kupungua siku tisa. Siku tatu za mwanzo hubadilisha pedi kila saa, na usiku hulalia kanga iliyokunjwa mara nne. Aliponng'olewa gego, damu ilimtoka siku tatu. Alipojifungua aliongezwa painti mbili. Katika miaka yote hiyo alikuwa amemeza vidonge vya madini ya chuma, amekunywa kombe, amefukizwa, na ameambiwa na watu wengi, wakiwemo wahudumu wa afya, kwamba wanawake ndivyo walivyo. Kombe halikumdhuru. Kuambiwa kwamba ni kawaida kulimchelewesha miaka kumi, na hilo linaniuma hadi leo.

Chembe sahani zake, yaani chembe za damu zinazoziba jeraha, zilikuwa 290,000, idadi nzuri kabisa. Kwa hiyo tatizo halikuwa uchache wa chembe. Palibaki pa kutazama: ama chembe hazibandiki, ama faktori za kugandisha damu zimepungua.

Damu ikitoka kwenye jeraha, chembe sahani hukimbilia hapo zikajibandika. Gundi inayozibandika ni protini iitwayo von Willebrand. Kisha faktori huamshana moja baada ya nyingine mpaka fibrinojeni inageuka nyuzi, na nyuzi hizo hulifunga donge lisibanduke. Faktori ya nane haitembei peke yake damuni: hubebwa na von Willebrand, na ikimkosa mbebaji wake huvunjika upesi. Jambo hili lishikwe, maana kisa chote kinazunguka hapo. Ukiikuta faktori ya nane imeshuka, huwezi kusema kitu mpaka ujue mbebaji wake yukoje. Wakishuka wote wawili, mshukiwa wa kwanza ni von Willebrand. Ikishuka faktori peke yake, mbebaji akiwa mzima, mshukiwa ni hemofilia, maradhi ya kurithi ya upungufu wa faktori yenyewe.

Vipimo viwili vya kuanzia, PT na APTT, ni vya kuhesabu sekunde. Plazma, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, hutiwa kichocheo na kalsiamu, mashine ikatazama inaganda baada ya muda gani. PT hupitia njia ya faktori ya saba; APTT hupitia ya nane, ya tisa, ya kumi na moja na ya kumi na mbili. PT ya dada huyu ilikuwa sekunde 11, haina neno. APTT ilikuwa 49, na kawaida ya mashine ile ni 26 hadi 36. Fibrinojeni nzuri. Basi kasoro ilikuwa upande wa APTT, na hapo ndipo walipopima faktori na kupata zile namba nilizozitaja mwanzo.

Nilivyoitoa damu

Kichupa chenye kifuniko cha buluu kina sodiamu sitireti ya asilimia 3.2, ambayo huikamata kalsiamu ili damu isigande njiani. Kipimo chake ni sehemu tisa za damu kwa moja ya sitireti. Kikijazwa nusu, sitireti huzidi na sekunde za APTT hurefuka bila ugonjwa wowote. Nililijua hilo. Niliufunga mkono kwa muda mfupi, sindano ikaingia mara moja, nikajaza hadi kwenye mstari, nikakipindua kichupa taratibu mara nne bila kukitikisa. Mpaka hapo sina ninalojutia.

Kisha nikakitia kwenye kisanduku cha barafu.

Anayeijua Lamu ya mwezi wa Machi ataelewa. Kichupa kilikuwa na boti mbele yake, jua la gati ya Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi, hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 300. Chanjo husafiri na barafu. Samaki husafiri na barafu. Mkono wangu ulikwenda kwenye barafu bila kuuliza, na fomu tuliyokuwa tukiitumia nayo haikuuliza. Damu ilitolewa saa tatu asubuhi. Ilipimwa kesho yake saa mbili.

Damu nzima yenye sitireti ikikaa barafuni, chembe sahani huamka kwa baridi na kuishika von Willebrand, hasa ile minyororo yake mirefu ambayo ndiyo yenye nguvu ya kubandika. Maabara ikiizungusha damu hiyo kwenye sentrifuji, minyororo huzama na chembe, na plazma inayobaki juu ni maskini. Kwa kuwa mirefu ndiyo inayopotea zaidi, nguvu ya utendaji hushuka kuliko kiasi. Nguvu 12 kwa kiasi 34: hiyo ndiyo sura hasa ya von Willebrand aina ya pili, ya kumdanganya hata mzoefu. Faktori ya nane huporomoka pamoja nayo. Tena kuna muda: APTT hutakiwa ipimwe ndani ya saa nne tangu damu kutolewa, nasi tulipitisha saa 23. Mashine ya Mombasa haikukosea hata tarakimu moja. Iliipima kwa uaminifu plazma ambayo barafu yangu ilikuwa imekwisha kuipora.

Wiki sita

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa maabara huwa hatuyaoni yanayotokea baada ya karatasi kutoka dirishani.

Von Willebrand aina ya pili kwa kawaida hurithiwa na wake kwa waume sawasawa, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu. Daktari aliyewaeleza wazee alieleza sawa, kwa karatasi aliyokuwa nayo. Lakini mdogo wake dada huyu alikuwa ameposwa. Posa ikasimama. Hakuna aliyesema amevunja. Walisema tu wangoje kidogo, na kila mtu wa Lamu anajua maana ya kungojeshwa namna hiyo. Mawifi wakaanza kuhesabu ni nani katika ukoo alitokwa damu puani.

Kwa mtoto ushauri ulikuwa mwepesi. Wengi wenye von Willebrand hawatoki damu kupita kiasi wakiandaliwa vizuri, basi siku ya tohara apewe traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, na atazamwe. Tohara yenyewe ilikuwa imepangwa Mfungo Sita, siku za Maulidi, baba yake atakapokuwa amerudi kutoka baharini.

Nami usiku nilikuwa nikisoma. Daktari wa Ufini, Erik von Willebrand, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1926, baada ya kuichunguza familia moja ya visiwa vya Åland, kati ya Ufini na Uswidi. Binti mdogo aliyeletwa kwake akiwa na miaka mitano alikuja kufariki akiwa bado msichana, katika hedhi yake ya nne. Visiwa, ukoo mmoja, binti asiyekoma damu: niliona kama nasoma habari za Pate na Faza za hapa kwetu, na mfanano huo ukanitia hakika isiyo na haki. Nilichokipita haraka katika kusoma ni kile chenyewe alichokiona daktari yule: kwamba katika familia ile waliougua ni wake na waume, na wake waliumia zaidi. Kwa jambo hilo ndipo alipoutenga ugonjwa wake na hemofilia. Sikuwa nimewauliza watu wetu ni nani hasa waliokufa.

Aliyeuliza alikuwa dada mmoja wa maabara ya Mombasa, mkubwa wangu kwa kazi na kwa miaka. Alinipigia simu kuhusu mgonjwa mwingine, kisha akasema, "Na ile ya von Willebrand, ilikuja vipi?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba niliilinda na joto, ilikuwa barafuni njia nzima. Alinyamaza kidogo. "Basi, mdogo wangu," akasema, "hatujampima bado."

Daka la bibi

Kabla ya kumrudisha mgonjwa sindanoni, nilikwenda nyumbani kwao. Bibi mzaa mama alikuwa amekaa dakani na ukili wake. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba huenda tulikosea, nikamwomba anihesabie watu wa kwao mmoja mmoja. Alisuka mpaka mwisho wa ukili ule, ndipo akasema, "Wake wa kwetu hutoka damu wakapona, mwanangu. Waume ndio wafao."

Nikageuza fomu ya maabara nikachora nyuma yake. Mwanawe wa kiume, mjomba wa mgonjwa wetu, alifariki Faza akiwa na miaka sita, siku ya tatu baada ya kutahiriwa. Binti yake mwingine ana mwana ambaye sasa ni kijana, goti lake huvimba bila kuanguka. Amekuwa akipakwa mafuta ya mwarubaini kwa jina la baridi yabisi. Ndugu wa kiume wa bibi mwenyewe alikufa utotoni kwa kuuma ulimi. Kuumeni hapakuwa na hata mmoja. Wote walikuwa kuukeni, na kila mwanamume aliyeumia alitokea kwa mama aliyebaki hai.

Ukiuchora ukoo namna hiyo, huhitaji mashine ikuambie utazame wapi. Jeni ya faktori ya nane iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, ikiwa na kasoro hana ya akiba. Mwanamke anazo mbili. Katika kila seli yake, X moja hulala na nyingine hufanya kazi. Bahati ikiangukia kulaza ile nzima katika seli nyingi, naye faktori yake hushuka. Tumezoea kumwita mbebaji, kana kwamba amebeba mzigo wa mtu mwingine. Akiwa na faktori chini ya asilimia 40, mwanamke huyo ni mgonjwa wa hemofilia nyepesi kwa haki yake, na hedhi ya siku tisa ni dalili yake.

Kipimo cha pili

Alisafiri mwenyewe hadi Mombasa, akalala kwa shangazi yake, asubuhi akakalishwa maabara dakika 20 ili apumzike, maana wasiwasi na kukimbia hupandisha faktori ya nane na von Willebrand vilevile. Hakuwa na mimba wala hakutumia vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo navyo huweza kuzipandisha. Damu ilitolewa chumba cha pili kutoka kwenye mashine, ikapimwa ndani ya saa moja.

APTT 42. Von Willebrand, kiasi 96, nguvu 91. Faktori ya nane 26.

Von Willebrand nzima, faktori pungufu. Iko aina moja ya von Willebrand, iitwayo 2N, inayoweza kuiga sura hii, kwa sababu gundi yake ni nzima ila imeshindwa kuishika faktori ya nane. Daktari wa damu aliitaja akaiweka pembeni: hiyo humshika mtu aliyerithi kwa wazazi wote wawili, nayo haichagui wajomba.

Siku hiyohiyo alipimwa mtoto. Nilipoambiwa kwamba tangu aanze kusimama dede hupata mabaka ya buluu kifuani na magotini, na kwamba nyumbani walidhani anafinywa na shetani usiku, nilijua kabla ya namba. APTT yake ilikuwa 84. Plazma yake ikachanganywa nusu kwa nusu na ya mtu mzima wa afya, sekunde zikashuka hadi 34. Kipimo hicho cha kuchanganya ni rahisi na kina thamani kubwa: sekunde zikirudi kawaida, kuna kitu kimepungua na plazma ya mwenziwe imekijaza, zisiporudi, kuna kitu damuni kinachozuia. Zake zilirudi. Faktori ya tisa ilikuwa sawa. Faktori ya nane, asilimia 2.

Hemofilia A, ya kadiri. Kali ni chini ya 1, ya kadiri ni 1 hadi 5. Mtoto huyu angetahiriwa Mfungo Sita kwa vidonge vya traneksamiki peke yake.

Mama yake aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo ni mimi niliyempa?" Muuguzi aliyekuwa naye, mama mtu mzima wa Malindi, alimshika mkono akamwambia kwamba alimpa pia macho yake na ucheshi wake, na hakuna hata kimoja alichokichagua. Mimi sikuwa na neno zuri kuliko hilo na sikulitafuta.

Yaliyofuata

Tohara imeahirishwa. Baba alikwenda kwa maalimu wa mtaa, akajibiwa papo hapo kwamba mtoto anayehofiwa kufa hangojwi na siku, husubiriwa mpaka awe na uwezo. Akafanyiwe hospitali, wakati faktori ya kumwongezea ipo mkononi. Nimeona familia zikishindana na daktari juu ya jambo hili. Hii haikushindana, na shukrani ni za maalimu yule.

Binamu mwenye goti alipimwa: faktori ya nane 3. Kasoro ya ukoo mmoja hukaa karibu na kiwango kimoja, kwa hiyo 2 na 3 zilitupa utulivu wa moyo kwamba safari hii tumeona kweli. Goti lake lilikuwa linavuja damu ndani kwa miaka, na kila mara alipewa diklofenaki, dawa ambayo huzizuia chembe sahani na kumwongezea kutoka damu. Dada yetu mwenyewe sasa humeza traneksamiki siku za hedhi, na himoglobini yake imepanda hadi 11.8. Asprini na ibuprofeni zimepigwa marufuku nyumba nzima. Kwa maumivu hutumia parasetamoli.

Kwenye maabara tumebadili mambo. Damu ya kuganda haiingii barafuni ikiwa nzima. Inakaa kwenye joto la chumba, nyuzi 18 hadi 25. Kwa kuwa toka Lamu saa nne hazifiki Mombasa kwa barabara, tunaizungusha hapahapa dakika 15, tunaivuta plazma bila kugusa safu ya chembe, tunaizungusha tena, kisha tunaigandisha nyuzi 20 chini ya sifuri, ambapo hukaa hadi wiki mbili. Inasafiri ikiwa jiwe. Wenzangu wawili walinipinga: mbona barafu imekatazwa na sasa tunagandisha? Kilichoharibu ni baridi juu ya damu yenye chembe zake. Plazma iliyotengwa haina chembe za kuikamata von Willebrand, inavumilia, mradi ikifika iyeyushwe upesi kwenye maji ya nyuzi 37. Ikiachwa iyeyuke polepole kwenye friji, von Willebrand, faktori ya nane na fibrinojeni hujitenga zikatuama chini. Katikati ya miaka ya 1960, mtafiti wa Marekani Judith Pool aliligeuza jambo hilo hilo kuwa dawa: aliyakusanya yale yaliyotuama na kuwapa wagonjwa wa hemofilia. Kwake lilikuwa hazina. Kwenye kichupa cha kupimia ni majibu ya uongo.

Fomu yetu sasa ina mistari mitatu ambayo haikuwepo: saa ya kutoa damu, imesafiri vipi, na ni nani kuukeni na kuumeni aliyewahi kutoka damu isiyokoma. Mstari wa tatu ndio ninaoukazania zaidi. Unajazwa kwa kalamu, bila kichocheo wala umeme.

Mdogo wake aliyeposwa alipimwa kabla ya arusi, na posa ikarudi. Faktori yake ya nane ilikuwa 88. Wazee walishangilia, ilibidi daktari awarudishe kitako awaeleze kwamba kiwango kizuri hakimtoi mwanamke kwenye shaka, anaweza kuwa nayo jeni na X yake nzima ikawa ndiyo inayofanya kazi. Kipimo cha jeni chenyewe hakijarudi. Bwana harusi aliyasikia yote hayo akiwa amekaa hapo hapo, akaoa.

Sasa ana mimba ya miezi saba. Kupima faktori yake wakati huu hakusaidii, kwa sababu mimba huipandisha. Wamekubaliana atajifungulia Mombasa, mtoto asivutwe kwa kikombe, na sindano za msulini zingoje mpaka damu ya kitovu ipimwe, kwa sababu faktori ya nane ya mtoto mchanga huwa tayari imefikia kiwango cha mtu mzima. Kama uchungu utamwahi hapa kisiwani, kwenye droo yangu kuna kichupa cha buluu kilichoandikwa jina lake, na sentrifuji imesafishwa.